Maswali yenu ya Mei Mosi: Parsons, Lucy na saa 8 za kazi

Anarkisti si mrusha mabomu tu?

Siyo, na swali hili nalijibu kila mwaka. Anarkisti hataki serikali wala tajiri awe juu ya mwenzake. Albert Parsons, anarkisti wa Chicago, Marekani, aliyenyongwa kwa kesi ya bomu lililorushwa siku chache baada ya mgomo wa Mei Mosi 1886, alikuwa na gazeti, *The Alarm*. Lilichapisha maneno makali kuhusu baruti, hilo silifichi. Lakini kuandika si kurusha.

Kama Parsons hakuwa na hatia, mbona alikimbia?

Turudi Haymarket, Chicago, usiku wa 4 Mei 1886. Jana yake polisi walikuwa wamewafyatulia risasi wagomaji wa kiwanda cha McCormick. Mkutano wa kulalamikia hilo ulikuwa shwari mpaka meya, aliyekuja kusikiliza, akaondoka zake. Parsons alikuja na mkewe Lucy na watoto wao wawili wadogo. Mawingu yalipotanda, wakaenda kukaa kwenye baa ya jirani, na polisi walipokuja kuutawanya mkutano wakarushiwa bomu, yeye alikuwa humo. Mzazi gani huenda kulipua bomu na wanawe?

Alikimbia kwa kuwa alijua watatafutwa wenye majina. Alijificha Wisconsin zaidi ya wiki 6, na hawakumpata. Tarehe 21 Juni akaingia mahakamani kwa miguu yake, akaketi na wenzake walioshtakiwa. Aliyerusha bomu hajajulikana hadi leo. Walihukumiwa kwa hotuba na maandishi yao. Akashauriwa amwombe gavana huruma, akakataa, maana aliona kuomba ni kukiri. Akanyongwa 11 Novemba 1887 pamoja na wenzake Spies, Fischer na Engel. Mwaka 1893 Gavana Altgeld aliwaachia watatu waliobaki gerezani, akaandika kwamba jaji alikuwa na upendeleo.

Nimesoma kwamba Parsons alipigania watumwa tangu utotoni.

Umesoma vibaya. Utotoni, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipigana upande wa Kusini, uliotetea utumwa. Ni baada ya vita, huko Texas, ndipo aliposimamia haki za weusi, na wazungu wenzake wakamtenga.

Lucy alifanya nini zaidi ya kuwa mjane wake?

Swali hili linaniuma. Alikuwa mshonaji, mwandishi na mhutubu kabla ya kuwa mjane. Asubuhi ya kunyongwa alikwenda gerezani na watoto wamuage baba yao. Polisi wakamzungusha kona hadi kona, kisha wakamkamata, wakawavua nguo wote watatu kuwapekua, na kuwafungia mpaka mumewe alipokwisha kufa. Mwaka 1905 alihutubia mkutano ulioanzisha chama cha wafanyakazi cha IWW. Aliendelea kuhutubia hadi uzeeni, akafa nyumba yake ilipoungua mwaka 1942. Vitabu na karatasi zake zilizosalimika serikali ikazichukua.

Bosi wangu Dar anasema Mei Mosi ni ya fulana na maandamano tu. Kweli?

Muulize malipo yako ya saa za ziada. Waliogoma 1 Mei 1886 walidai saa 8 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ulipwe mara moja na nusu. Na usisaini mkataba ambao hujausoma.