Mkojo Kuvuja Baada ya Kuzaa Kuna Tiba: Yaliyonipata Mimi Hapa Moshi

Kwa miezi saba baada ya kumzaa mwanangu wa kwanza sikutoka nyumbani bila kanga ya akiba kwenye mkoba. Nauza mitumba Soko la Memorial, na kazi yangu ni kuinama na kuinuka kutwa nzima. Nikibeba fungu la jinzi, mkojo unatoka. Robota likifunguliwa, vumbi likanipiga chafya, unatoka. Nikaanza kuvaa sketi nyeusi tu. Kwaya nayo nikaiacha, kwa kuwa sauti za juu nilikuwa siwezi kuzipandisha bila kulowa.

Siku nilipompeleka mtoto chanjo nilijikaza nikauliza. Jibu lilikuwa, "Mama, umezaa, hayo ni kawaida." Mama mkwe naye aliniambia vivyo hivyo, kwa upole, akaniongezea bakuli la mtori. Simlaumu hata kidogo. Kwetu Wachaga mzazi anatunzwa haswa: analishwa, anakandwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kitenge, hashiki jembe wala ndoo. Yote nilifanyiwa na nashukuru hadi leo. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna misuli huko chini iliyobeba mimba miezi tisa, ikanyooshwa mtoto alipopita, na kwamba inahitaji kuzoezwa upya kama mguu uliovunjika ukaunga.

Kwamba ni jambo la wengi, ni kweli. Karibu mama mmoja kati ya watatu huvujwa mkojo kwa kiasi fulani baada ya kuzaa. Lakini malaria pia ni ya wengi, na hakuna anayeambiwa arudi nyumbani akaizoee.

Aliyenifungua macho ni mama mwenzangu wa sokoni, aliyeniambia tatizo langu linatibiwa kwa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mimi fiziotherapia nilikuwa naijua kwa wazee waliopata kiharusi na vijana wa bodaboda waliovunjika. Hospitali ya KCMC hapa Moshi tunapita nje kila siku, kuna hadi chuo cha kufundisha wataalamu hao, na bado sikuwahi kufikiri kwamba kazi yao inanihusu. Nikaomba rufaa, nikaenda.

Mtaalamu aliyenipokea alikuwa dada wa makamo. Alianza na maswali ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza. Naenda haja ndogo mara ngapi kwa siku? Choo kinakuwa kigumu? Nilichanika nikashonwa? Naumia nikiwa na mume wangu? Kisha akachukua karatasi akanichorea. Akaniambia nifikirie kitanda cha kamba. Misuli ya sakafu ya nyonga imetandikwa hivyo, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, na juu yake vimelala kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba inaongeza uzito juu ya kamba, homoni zake zinalegeza viungo, na kuzaa kunazivuta hadi mwisho. Kamba zikilegea, vilivyolala juu yake vinazama, na kibofu kinakosa mahali pa kujiegemeza ukikohoa.

Halafu akaniomba ruhusa anipime kwa kidole akiwa amevaa glovu. Alinieleza kwamba naweza kukataa, naweza kumwita ndugu akae nami, na nikisema basi, ni basi. Nasisitiza hili kwa sababu najua wanawake walioshindwa kwenda kwa kuogopa hatua hiyo moja.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi peke yangu miezi miwili, niliyoyaona kwenye simu, bila kupata nafuu. Aliposema "bana", mimi nilikuwa nasukuma chini, kama mtu aliyeko chooni. Asubuhi na jioni, miezi miwili, nilikuwa naukandamiza mzigo uleule nilioutaka uinuke. Alisema wanaokosea hivyo ni wengi, kwa sababu misuli hii haionekani, na maneno peke yake hayatoshi kumwonyesha mtu mahali ilipo. Kama kuna sababu moja ya kumfuata mtaalamu badala ya kujifundisha kwa video, basi ni hiyo.

Njia sahihi aliyonifundisha ni hii. Unatoa pumzi taratibu, na unapoitoa unafunga kama unayezuia hewa isikutoke mbele za watu, ukiunganisha na kuzuia mkojo, kisha unavuta vyote kwa ndani na kwenda juu. Matako, mapaja na tumbo la juu vitulie. Unashikilia ukihesabu hadi tano huku unaendelea kupumua, kisha unaachia kabisa, na kuachia huko ni nusu ya zoezi. Nilianza na mara nane kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, mwanzoni nikiwa nimelala, baadaye nimekaa, mwisho nimesimama kwenye meza yangu sokoni. Nguvu zilipoongezeka nikafika kuhesabu hadi kumi. Alinikataza kufanya zoezi kwa kukatisha mkojo nikiwa chooni, maana kibofu kinaweza kuzoea kutomaliza.

Kilichonisaidia haraka zaidi kilikuwa kitu kidogo: kubana kabla. Kabla ya chafya, kabla ya kuinua fungu, kabla ya kumnyanyua mtoto. Nikizidiwa na haraka nikasahau, najua papo hapo.

Pia alinikuta nimeacha kunywa maji nikidhani nitavuja kidogo. Akaniambia mkojo mzito unakichokoza kibofu, na choo kinachokauka kinakufanya ujikamue, na kujikamua kunashusha misuli ileile. Nikarudia maji, na chooni naweka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande. Mwenye choo cha kuchuchumaa nyumbani tayari yuko kwenye mkao mzuri.

Nafuu haikuja kwa wiki. Wiki ya sita ndiyo nilihisi tofauti ya kwanza, na ilifika kama miezi mitatu nikaweza kwenda Mbuyuni na kurudi na mizigo nikiwa mkavu. Kwaya nilirudi Pasaka.

Mimba ya pili sikusubiri. Nilianza mazoezi mwezi wa nne, na tafiti zinaonyesha kwamba mama asiyevuja ambaye anaanza mapema anapunguza uwezekano wa kuanza kuvuja mimba ikikua. Maumivu ya nyonga na mgongo yaliyonilaza kitandani mara ya kwanza, safari hii nilipewa mazoezi yake, nikafundishwa kujigeuza kitandani magoti yakiwa pamoja. Kuanzia wiki ya 34 nilifundishwa kukanda mlango wa uke upande wa chini kwa mikono safi na mafuta, dakika chache, ili ngozi izoee kutanuka, na kuachia misuli kwa pumzi badala ya kuikaza. Sitawadanganya, nilichanika tena, kidogo. Lakini kupona hakukufanana kabisa na mara ya kwanza.

Rafiki yangu wa Sakina, Arusha, aliniona nimepata nafuu akaiga mazoezi yangu yote, na yakamzidishia. Yeye tatizo lake lilikuwa kinyume: misuli yake ilikuwa imekaza tangu aliposhonwa, tendo la ndoa likawa mateso, na kila alipobana alikuwa anakaza kilichokwisha kaza. Alipopimwa aliambiwa aache kubana kabisa. Alifundishwa kupumua hadi chini ya tumbo, kuilegeza na kuinyoosha. Kwa hiyo, dada zangu, haya niliyoandika msiyachukue kama dozi yenu. Na mliojifungua kwa upasuaji msijione mmepona, maana mimba yenyewe imekaa juu ya misuli hiyo miezi yote, na kovu la tumbo nalo linahitaji matunzo.

Naandika nikimkumbuka bibi yangu wa Kibosho. Alizaa watoto tisa na alikata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani hadi uzeeni. Kizazi chake kilikuwa kimeshuka, na tulijua hivyo alipokuwa hawezi tena kukaa vizuri kanisani. Alikuwa ameficha miaka mingi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowapima wanawake zaidi ya 1,000 wa Hai, Rombo na Same, na zaidi ya nusu walikuwa na kiwango fulani cha viungo vya nyonga kushuka. Kazi nzito na kuzaa mara nyingi vilitajwa miongoni mwa sababu. Niliposoma nililia, kwa sababu kushuka kukiwa bado kidogo, mazoezi haya husaidia, na kukizidi kuna kifaa cha kukishikilia na kuna upasuaji. Bibi hakuambiwa lolote kati ya hayo.

Kuna jambo moja msilitibu kwa mazoezi. Kama ulipata uchungu mrefu na sasa mkojo, au choo, unatoka muda wote bila wewe kukohoa wala kuinua kitu, usiku na mchana, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Nenda hospitali leo. Inatibika kwa upasuaji.

Kwa wengine wote, mkifika dirishani au mbele ya daktari, msiseme "nina shida kidogo ya kike". Nilisema hivyo mara mbili nikarudishwa na panado. Mara ya tatu nilisema, "Mkojo unanivuja tangu nijifungue, naomba rufaa ya fiziotherapia." Niliandikiwa siku hiyohiyo.