Mkojo mweusi baada ya primakwini, na kipimo kilichotoka sawa

Dada yangu wa Likoni, umeeleza kwamba mwanao alikojoa mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa siku ya tatu ya kumeza primakwini (dawa ya malaria), kwamba kipimo cha siku hiyo cha G6PD (kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu) kilitoka sawa, na kwamba jirani anasema ni ugonjwa wa mitokondria, yaani vile vijisehemu vya chembe vinavyotengeneza nishati.

Mimi kipimo hicho nisingekitegemea. Chembe nyekundu za damu zilizokomaa hazina mitokondria kabisa, kwa hiyo kinga yao dhidi ya sumu za oksijeni hutegemea kimeng'enya cha G6PD (jirani, basi, amegusa jambo, ila kwa upande wa pili: si kuugua kwa mitokondria, ni kutokuwepo kwake). Kikipungua, primakwini huzipasua chembe hizo, na ndipo mkojo huwa mweusi; chembe kongwe ndizo zinazopasuka kwanza, zikabaki changa ambazo bado zina kimeng'enya cha kutosha, na hizo ndizo maabara ilizozipima. Apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi.

Kwa sasa asimeze primakwini tena bila daktari kujua. Watafiti wa Marekani waliuhusisha upungufu huu na dawa hiyo tangu mwaka 1956. Epukeni pia ful (maharagwe mapana), na zile tembe nyeupe za nafthalini unazotia katika sanduku la kanga.

Jeni ya kimeng'enya hicho imo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama, hivyo ndugu zake wa kiume nao wapimwe. Mkojo ukiwa ungali mweusi, au viganja vimepauka, mpeleke hospitali leo, usingoje kesho.