Hawa hakuwa peke yake

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Bukoba. Sisi hatujambo, goti la mama yako linaendelea vizuri, na kahawa mwaka huu imezaa.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema kwenye kichen pati yako mama mmoja alisimama akakuambia mbele ya watu: "Hawa ndiye aliyetuponza, kwa hiyo ukiolewa ujue kunyamaza." Ukaniuliza mimi, mzee wa kanisa, kama ni kweli. Kwenye simu ningekujibu kwa haraka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Fungua Mwanzo, lakini anzia sura ya pili. Katazo la mti linatolewa mstari wa 16 na 17. Mwanamke anaumbwa mstari wa 22. Basi aliyeambiwa ni Adamu. Nyoka anapomuuliza mwanamke, yeye anajibu kwamba wamekatazwa kula "wala msiyaguse", na hilo la kugusa halimo katika agizo la kwanza. Liliongezwa na nani? Mimi namshuku mumewe. Sisi wanaume tukileta ujumbe nyumbani huwa tunautia chumvi.

Sasa 3:6. Biblia niliyoizoea, ya Union Version, inasema "akampa na mumewe, naye akala". Ukiisoma mbiombio unamwona Hawa akikimbia na tunda mkononi kumtafuta mzee shambani. Kumbe Kiebrania kina neno moja zaidi, immah, "pamoja naye", na tafsiri za karibuni zimelirudisha. Mume alikuwa pale pale. Nyoka anaongea weee, yeye kimya.

Shehe jirani yetu, ninayekaa naye barazani jioni, aliniambia Kurani haimtaji Hawa kwa jina. Katika sura ya Al-A'raf Shetani anawahadaa wote wawili, na wote wawili wanaomba msamaha kwa sauti moja. Katika Taha anamnong'oneza Adamu hasa. Habari ya ubavu, akasema, iko kwenye hadithi za Mtume.

Nisikufiche, Paulo ana maneno mawili. Kwa Timotheo anasema aliyedanganywa ni mwanamke. Kwa Warumi, sura ya 5, dhambi iliingia kwa mtu mmoja, naye anamtaja Adamu. Watu huchagua barua inayowafaa.

Si wenye Biblia na Kurani peke yao wenye habari kama hizi. Nilipokuwa nauza dagaa Kampala nilisimuliwa habari za Kintu, mtu wa kwanza kwa Waganda, na mkewe Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni. Waliambiwa washuke duniani wasirudi nyuma. Nambi akakumbuka kwamba amesahau nafaka ya ulezi ya kulisha kuku, akarudi, na nduguye Walumbe, yaani kifo, akamfuata hadi duniani. Mwanamke tena! Lakini wapo wanaosimulia kwamba aliyerudi ni Kintu, Nambi akimsihi asiende. Inategemea msimulizi.

Tuje 3:12, ndipo ninapotaka kufika. Mungu anamuuliza Adamu, naye anajibu: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Anaanza na mwanamke, anapitia kwa Mungu mwenyewe, yeye anatokea mwishoni kabisa, kwa neno moja tu. Aliyesema Hawa ametuponza, mwanangu, wa kwanza ni huyo.

Mstari huo naujua kwa mdomo wangu. Ulipokuwa kidato cha pili, fedha za kahawa tuliziingiza kwenye upatu, upatu ukavunjika. Wazo lilikuwa la mama yako. Lakini noti tulizihesabu wote mezani, na aliyezipeleka ni mimi. Baba zako wadogo walipokuja kuuliza ada yako imekwenda wapi, nikawaambia, "Muulizeni mama watoto, yeye ndiye aliyeleta habari za upatu." Alikuwa jikoni, mlango wazi, anamenya ndizi. Nikasikia kisu kimesimama. Halafu kikaendelea.

Hajanikumbusha hata siku moja. Nami sijamwomba radhi. Barua hii naiandikia kwenye meza ile ile, naye yuko jikoni sasa hivi. Nikishaifunga bahasha, nitaingia huko kabla sijaipeleka posta.

Baba yako