DAC yenye priampu: angalia volyumu kabla ya chipu

Msomaji mmoja ana spika mbili zenye amplifaya ndani, kompyuta ya mpakato na televisheni. Anataka DAC (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) ya bei nafuu ambayo itamwezesha kupandisha na kushusha sauti kwa rimoti, na amenitumia tangazo lenye jina la chipu kwa herufi kubwa kuliko jina la kifaa chenyewe. Jina hilo la chipu liwe jambo la mwisho kuangalia, maana kubadilika kwa chipu hakujabadilisha unachosikia. Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wengi wa DAC wakahamia chipu za ESS, mshindani wake. Kwa masikio, hakuna kilichopungua.

Kitu cha kuuliza kwanza ni kama kifaa kina volyumu. DAC inageuza namba kuwa umeme wa sauti. Priampu ndiyo inayoamua umeme huo uingie kiasi gani kwenye amplifaya. Nyingi za bei nafuu hazina priampu. SMSL SU-1 ni nzuri na inapatikana chini ya dola 100, ila inatoa kiwango kile kile saa zote. Topping E30, iliyotoka 2020 kwa dola 130 hivi, ina rimoti, na unaweza kuiweka iwe DAC tupu au iwe priampu. FiiO K7 ni ghali zaidi; ina swichi ya kuchagua hedifoni, sauti isiyobadilika, au priampu. Kwa huyu msomaji, E30 iliyotumika ikiwa na rimoti yake inatosha kabisa. Ikiwa haina rimoti, muuzaji ashushe bei.

Sasa twende kwenye kinachounguza spika. DAC ikiwa katika hali ya sauti isiyobadilika hutoa volti 2. Amplifaya ya kawaida yenye ukuzaji wa desibeli 26 huzidisha hiyo mara 20, yaani volti 40, na kwenye spika ya ohm 8 hizo ni wati 200. Amplifaya ndogo haifiki huko. Inakwama njiani na kuanza kukata vichwa vya mawimbi, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka waya wowote wa spika, fanya jaribio hili: shusha volyumu hadi chini kabisa, ng'oa umeme, subiri dakika moja, rudisha, kisha tazama kioo. Kama namba imebaki chini, vizuri. Kama imeruka hadi juu, kifaa hicho hakifai nyumba ambayo umeme hukatika na kurudi bila taarifa. Kuwasha, anza na DAC na umalizie na amplifaya. Kuzima, anza na amplifaya.

Kuna aina mbili za volyumu. Ile ya kidijitali, ndani ya chipu, inashusha namba zenyewe. Kushoto na kulia hubaki sawa daima. Udhaifu wake ni kwamba inapunguza muziki bila kupunguza mchemko wa sakiti inayofuata, kwa hiyo ukisikiliza siku zote volyumu ikiwa chini sana, kwenye desibeli -50, na sikio likiwa karibu na twita, utausikia ule "shhh". Ile ya kitasa cha kuzungusha ina tatizo jingine: vitasa vya bei rahisi havilingani pande mbili vikiwa chini. Cheza sauti ya mono, mtu mmoja anaongea, zungusha kitasa polepole kutoka sifuri. Mtu akihamia upande mmoja, ndiyo kasoro yenyewe.

Kwa tatizo la -50, usinunue DAC nyingine. Kwanza angalia nyuma ya spika. JBL 305P MkII, kwa mfano, ina swichi ya unyeti, yaani kiasi ambacho spika inakuza sauti inayoingia. Kama hakuna, mpe fundi rezista mbili kwa kila upande, za robo wati: 9.1k iende mfululizo kwenye waya wa sauti, kisha 1k kutoka hapo hadi kwenye ganda la pini ya RCA, ile plagi ya duara ya waya wa sauti. Hiyo inapunguza desibeli 20. Ukitaka 10 tu, tumia 4.7k na 2.2k. Ziwekwe upande wa amplifaya, na waya unaotoka hapo uwe mfupi.

Halafu mvumo. Watu hulaumu DAC wakati kosa liko kwenye nyaya za umeme. Chomoa chaja ya kompyuta, ibaki kwenye betri. Mvumo ukikoma, basi ethi ya chaja na ethi ya amplifaya zimekutana kupitia waya wa USB na kufanya mzunguko. Usikate mguu wa ethi wa plagi, hata fundi akikuambia ndiyo dawa. Ule mguu unalinda maisha. Unganisha kompyuta au televisheni kwa waya wa optiko, ule unaotoa mwanga mwekundu kwenye ncha, maana mwanga haupitishi umeme. Kama kinachosikika ni mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya, ipe DAC umeme kutoka chaja ya simu ya volti 5 badala ya USB ya kompyuta. Soma kwanza nyuma ya kifaa: nyingine zinataka volti 12.

Televisheni ikiunganishwa kwa optiko na DAC ikabaki kimya au ikatoa kelele ya mchanga, ingia kwenye mipangilio ya sauti, toa Dolby, weka PCM. Vidude vya plastiki vya kugeuza optiko kuwa RCA navyo vinafanya kazi ya DAC, ila havina volyumu, na kwa televisheni nyingi rimoti yake haigusi sauti inayotoka kwenye optiko.

Na kama chanzo chako ni simu pekee, kile kiwaya cha Apple cha USB-C kwenda jeki ya milimita 3.5, kinachouzwa Marekani kwa dola 9, ni DAC kamili, na volyumu ya simu ndiyo priampu. Omba toleo la Marekani: hilo hutoa volti 1, la Ulaya nusu yake. Kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo mno. Programu ya USB Audio Player Pro hurekebisha hilo, lakini ni ya kulipia.