Wanangu, wekeni koleo chini

Juzi nimemkuta kijana mmoja, mgeni wa kazi hii, kapiga magoti uani na koleo la kukatia waya mkononi, ataka kumkata kobe mdomo uliorefuka. Kobe kaingiza kichwa ndani ya gamba, hataki kutoka. Nikamwambia, "Mwanangu, weka chini hilo kwanza, uje tuzungumze." Niliyomwambia ndiyo haya, na nyinyi wengine mnaoanza kulea kobe wazee mnisikilize, maana nimechoka kuliona kosa lile lile.

1. Mtazame ubavuni, mdomo umefungwa. Ncha ya juu kuzidi kidogo ya chini si kitu. Ikiteremka mpaka ikafunika taya la chini kama ya kasuku, na jani analing'ata mara tatu nne halikatiki, hapo pana kazi.

2. Usiusingizie uzee. Wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, hapo Unguja, walianza na wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na wamo waliopita miaka 100 wanakula vizuri tu. Mdomo wa kobe ni pembe, unaota maisha yote kama kucha, na kinachoupunguza ni chakula kigumu. Hili nililijua kwa machozi.

Kobe wetu, Bi Mkubwa, tuliachiwa na babu. Alipoanza kwenda polepole nikamwonea huruma: mkate uliorowekwa, ndizi mbivu, papai lililomenywa, hata wali wa jana. Kila asubuhi nikimkatia vipande vidogo vidogo, namwekea kwenye sinia la plastiki, nikiona nafanya wema. Nikaenda hivyo miaka mitatu. Mdomo ukarefuka, ukapinda. Siku moja baada ya Alasiri nikachukua koleo, mwanangu akashika gamba, nikabana ile ncha. Ikalia kama kifuu kinachovunjika. Haikukatika, ilipasuka. Ufa ukapanda mpaka karibu na tundu ya pua, na damu ikachuruzika kwenye mchanga. Bi Mkubwa akatoa ile pumzi ndefu wanayoitoa wakivuta kichwa ndani, na hakukitoa tena mpaka Isha. Nilikaa naye chini ya mwembe na tochi, nikimwomba radhi.

Siku tisa hakula. Nikimwekea jani alilisogelea, akalinusa, akafungua mdomo. Jani likigusa tu pale penye ufa, anaufunga na kugeuka. Daktari wa mifugo alipokuja hakuanza na koleo. Aliuliza, "Anakula nini?" Nikamtajia. Akanyamaza, akaandika. Kisha akaleta kimashine chake cha kusugulia na kuulainisha ufa usizidi kupanda, akarudi mara mbili zaidi kupunguza kidogo kidogo. Hakutaka kuumaliza kwa siku moja, kwa sababu ndani ya pembe ile mna nyama hai na damu, kama ndani ya ukucha wako.

3. Tumieni tupa ya kusugulia, si koleo, na mara ya kwanza asugue daktari, wewe ushike tu.

4. Kichwa usikivute, ngoja akitoe mwenyewe, umshike taratibu kwa vidole viwili nyuma ya taya.

5. Sinia la plastiki litupeni. Mwekeeni chakula juu ya jiwe la matumbawe lenye makwaruzo: ukoka, matembele na vikonyo vyake, mpungate uliotolewa miba. Msimkatie, mwacheni avute na kurarua mwenyewe, hiyo ndiyo tupa yake ya kila siku. Mfupa wa ngisi upo bure ufukweni. Urowekeni maji baridi utoke chumvi, uanikwe, umwekee autafune. Na jua la asubuhi asikose.

6. Ukishamsugua, chakula ni hicho, na mdomo bado unarudi upesi, usishike tupa tena. Mwite daktari amtazame ndani, ini lake hasa.

Ufa wa Bi Mkubwa uliteremka na pembe yake mwezi baada ya mwezi, mpaka daktari akausugua ukaisha. Leo asubuhi nilikuwa barazani nikamsikia anakata ukoka, kra, kra, toka kule mwembeni.

Yule kijana, koleo lake ninalo mimi. Akiniletea mfupa wa ngisi nitamrudishia.