Wale watunza taa wa Flannan
Mkuu umeuliza kama kweli wale watunza taa watatu wa Flannan walipopotea, chakula chao kilikutwa mezani. Hapana bwana, hiyo ya msosi ni chumvi tu, imetoka kwenye shairi la 1912. Mnara wao wa taa ya kuongozea meli uko kisiwa cha Eilean Mòr, kwenye visiwa vya Flannan, magharibi mwa Scotland huko, uliwashwa Desemba 1899, mwaka mmoja tu baadae hao jamaa watatu wakapotea jumla, meli ya kubadilisha zamu ilipofika 26 Desemba 1900 ikakuta taa imesafishwa na mafuta yamejazwa, koti moja la mvua limebaki, mtu hamna. Uchunguzi ulisema wimbi liliwazoa, na mi naona ndo hivyo, maana sanduku la kamba lililokuwa mita 30 na ushee juu ya bahari lilivunjwavunjwa. Toka 1971 taa inajiendesha yenyewe, hakai mtu.