Aliyeokota bendera Alma

Mkuu, umeuliza inakuwaje Luke O'Connor, Mwairishi wa Roscommon, apewe Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ujasiri katika jeshi la Uingereza, kwa kubeba bendera tu wakati wenzake walikuwa wanapigana. Nakujibu kwa sababu mimi bendera nimeibeba.

Nilipokuwa JKT niliteuliwa kuibeba kwenye gwaride la kufunga mafunzo. Adui hakuwepo, ni jua na upepo tu. Lakini kitambaa kikishashika upepo, mti unakuvuta kama tanga, na mikono yako yote miwili iko kazini. Nzi akitua usoni humfukuzi. Nilitoka uwanjani mabega yamekufa ganzi, na tangu siku ile habari za vita vya Alma nikizisoma nazisikia mikononi.

Ilikuwa tarehe 20 Septemba 1854, Crimea. Waingereza na Wafaransa, wakiwa upande wa Waosmani (Waturuki), walikabiliana na Warusi waliojipanga vilimani ng'ambo ya mto Alma. Kikosi cha O'Connor, Royal Welch Fusiliers, kilivuka mto kikapanda mteremko kuelekea boma la mizinga. Zama hizo redio hakuna. Katika moshi wa baruti askari alijua wenzake wako wapi kwa kuitafuta bendera, na Mrusi naye akailenga hiyohiyo. Ukiibeba, umejitangaza.

Karibu na boma Luteni Anstruther, aliyekuwa na bendera, akapigwa jeraha la kumuua. O'Connor, sajini wa miaka 23 aliyekuwa akipanda pamoja naye, akapigwa risasi ya kifua wakati uleule, akaanguka. Akajizoazoa, akaiokota bendera chini, akaendelea nayo. Kapteni Granville akamsihi aiachie arudi nyuma kwa ajili ya jeraha lile. Hakuiachia mpaka mapigano yakaisha.

Mkuu, pima hapo. Ruhusa ya kuondoka alishapewa, tena na mkubwa wake, na hakuna ambaye angemwita mwoga. Wewe umepita mafunzo, unajua ruhusa ya afande ilivyo tamu hata ukiwa mzima.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Septemba 1855, alikuwa kwenye shambulio la Redan, ngome ya Warusi huko Sevastopol. Risasi zilimpenya mapaja yote mawili.

Nami huwa nasimama sana kwenye jambo hili: jeshi lile vyeo vya uofisa vilinunuliwa kwa fedha, na utaratibu huo ulifutwa 1871 tu. O'Connor aliingia 1849 akiwa askari wa kawaida, njaa ya viazi ikiwa imeimaliza Ireland. Baada ya Alma akapewa uofisa, na akaishia Meja Jenerali.

Na kama bado unadhani alikuwa anaifukuzia nishani, Victoria Cross ilianzishwa Januari 1856. Siku ile anaiokota bendera, haikuwepo.